Guangzhou Karibu, Tazara Ndiko Mbali

Msiniambie tena habari za umbali. Wiki iliyopita shemeji yangu, mwenye duka la viatu Mtaa wa Aggrey, alikuwa anakwenda Guangzhou kufuata mzigo, nami kwa kiherehere changu nikajitolea kumpeleka uwanja wa ndege. Simu ikatuambia Dar hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700, saa kumi na ushee angani, moja kwa moja. Kariakoo hadi uwanjani, kilomita kama 11: dakika 25.

Simu hiyo haijawahi kupita Msimbazi saa kumi jioni.

Ndege ilikuwa ya saa tano usiku. Mabegi yalikuwa mepesi, begi ndani ya begi ndani ya begi, kama sufuria za dukani. La ndani kabisa tu ndilo lilikuwa na unga wa sembe na dagaa, kwa sababu shemeji anasema yeye ana viza lakini tumbo lake halijapata.

Hatujaumaliza Mtaa wa Aggrey, guta likajipachika mbele yetu, limesheheni mabalo ya mitumba hadi mwendeshaji haonekani, ila miguu tu inayokanyaga pedali. Nyuma, mkokoteni. Kushoto, mama wa mihogo na karai lake la mafuta ya moto, anavyotutazama utadhani sisi ndio tumevamia jiko lake. Kijana akapenyeza soksi dirishani: "Tatu buku mbili, bosi." Nikakataa. Nusu saa baadaye tuko palepale, na yeye yupo palepale: "Haya, nne." Nikanunua. Jirani akihamia mlangoni kwako, utafanyaje?

Daraja la Mfugale pale Tazara, lile la 2018, ni zuri, sina ugomvi nalo. Ukishalipanda unalivuka kabla hujamaliza kulisifu. Kazi ni kulifikia.

Tukaingia uwanjani saa moja na nusu. Saa tatu na nusu kwa kilomita 11! Ndege inakata zaidi ya 800 kwa saa, sisi tatu. Bibi yangu na mkongojo wake angetupita, tena akisimama kuamkiwa njiani. Mwaka 1415 watu wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga mzima, kwa meli, na akafika. Wangempitishia Kariakoo, nakwambia, angezeekea Gerezani.

Kesho yake, saa tatu na nusu asubuhi, simu ikalia. Huko Guangzhou ilikuwa saa nane na nusu mchana.

"Shemeji, nimeshatua. Wewe uko wapi?"

Nikatazama mbele. Guta, mabalo, miguu.

"Msimbazi."

Akanyamaza kidogo.

"Bado?"