Jinsi ya Kuyashinda Mapafu Yako

Mapafu ni makaidi. Umelala yanafanya kazi, umenuna yanafanya kazi: kwa mtu mzima aliyetulia, mara 12 hadi 20 kila dakika, bila kudai posho. Ukigoma kwa kubana pumzi, kaboni dayoksaidi hujaa kwenye damu, ubongo hutoa amri, na utavuta pumzi utake usitake. Anayetaka kuyashinda hana budi kutumia mbinu.

1. Iache pua. Ina vinyweleo vya kunasa vumbi, ute wa kuilowesha hewa na mishipa ya damu ya kuipasha joto. Urasimu mtupu! Pumulia mdomo, hasa ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi.

2. Hadithia ukiwa na tonge mdomoni. Chakula na hewa hupita koo moja kabla ya kuachana njia, na kila unapomeza, kifuniko kidogo huziba njia ya hewa. Basi cheka katikati ya kumeza, kifuniko kisijue kifanye lipi. Ukipaliwa, lawama mpe mpishi.

3. Vuta sigara. Ndani ya njia za hewa mna vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea usiku na mchana kuusukuma ute na uchafu juu hadi kooni. Moshi huvilemaza. Uchafu ukikosa wa kuutoa, utabaki kukohoa, na majirani hawatahitaji jogoo tena.

4. Ingiza jiko la mkaa chumbani, funga mlango na madirisha. Hapana, hapa mzaha uishe. Mapafu yana vifuko vya hewa vipatavyo milioni 300 au zaidi, vyenye kuta nyembamba mno. Humo oksijeni huingia kwenye damu na kaboni dayoksaidi hutoka. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huishika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Oksijeni inapofika, ni kama abiria aliyekuta viti vyote vimekaliwa. Kichwa huuma, usingizi hulemea, na wengi hawakuamka.

Kwa hiyo hatua hii usiifuate, wala usimwache mwenzako aifuate. Baridi ikizidi, ongeza blanketi. Jiko lilale nje, hata likiwa limebaki na makaa mawili tu.