Utukufu wa Kukata Silabi za Kiingereza

Tuseme kweli bila haya: silabi za Kiswahili hazina makuu. Mtoto wa darasa la kwanza akishaimba ba-be-bi-bo-bu, kazi imekaribia kwisha. Ki-ta-bu. Ma-du-ka. M-tu. Silabi karibu zote zinaishia kwenye irabu, naye huyoo, kaenda kucheza mpira. Elimu gani hiyo isiyomliza mtu hata mara moja?

Kiingereza kinajua kujiweka. Strengths ina herufi tisa na silabi moja. Idea ina herufi nne na silabi tatu. Mwalimu aliyezoea kuhesabu irabu hupata hapo fursa adhimu ya kunyamaza mbele ya darasa.

Kisha utazame ukarimu wake: kadhi mmoja wa kuamua neno likatwe wapi mwisho wa mstari hatoshi, wamewekwa wawili. Desturi ya zamani ya Uingereza huuliza ukoo wa neno, ikakata know-ledge. Kamusi za Marekani hutega sikio, zikakata knowl-edge. Maarifa yenyewe hayo, na hawajaafikiana yakatwe wapi! Anayependa ukoo aufuate basi mpaka mwisho: helicopter imeundwa kwa maneno ya Kigiriki ya msokoto na bawa, hivyo haki yake ni helico-pter. Kipande hicho cha pili akitamke mwenyewe, na walio karibu wakae mbali na mate.

Haki nayo haikusahauliwa, kwani kila neno hukatwa kwa kadiri ya kazi yake. Ikiwa nomino, ni rec-ord. Ikiwa kitenzi, re-cord. Mpiga chapa hawezi kukata mpaka asome sentensi nzima aielewe. Ni kanuni ngapi za uchapaji zinazomlazimisha mtu kusoma anachokichapa? Na akikata sawasawa kabisa, bado atavuna kicheko: legends hukatika leg-ends, magwiji wa taifa wakalala mwisho wa mstari wakiwa mguu na kuamka mstari wa pili wakiwa ncha.

Hata kompyuta imepigishwa magoti. Mwaka 1983, Franklin Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikamilisha tasnifu ya uzamivu juu ya jambo hili tu: mashine ijue pa kukatia neno mstari unapojaa. Ruwaza zake 4,447 ziliweza kupata asilimia 89 ya vistari vya kamusi ndogo, karibu bila kosa. Hata hivyo programu ya uchapaji ya TeX, iliyozipokea, ikaambatanisha orodha ya maneno 14 yaliyogoma. Present na project, zenye tabia ileile ya record, zikaachwa nzima, zisiguswe. Na katika wagomaji hao yumo table. Meza! Samani ya miguu minne imeishinda shahada ya udaktari.

Kwa hiyo nawasihi wanaotamani kuunyoosha ukataji huu: uacheni ulivyo. Siku utakaponyooka, wahariri watakosa cha kugombania na watunga kamusi watapungukiwa na wateja. Naye mwanafunzi wa kidato cha kwanza kule Tandahimba, aliyeanza juzi kufundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza, atanyang'anywa jambo pekee ambalo yeye na mzaliwa wa London wanalijua sawasawa.