Tufaa Lenye Kelele

Kwa watu wa Dar es Salaam, tufaa ni tunda la wagonjwa. Mtu mwenye afya zake anakula embe, anakula papai, ananunua nanasi la kukatiwa kando ya barabara na kulamba maji mpaka kwenye kiwiko. Tufaa linangoja mtu alazwe. Hapo ndipo ndugu wanapokumbuka kwamba kuna tunda la bei, lisilochafua mikono, linalokaa vizuri kwenye mfuko wa kupeleka wodini pamoja na maji ya chupa na juisi ya boksi.

Mjomba wangu alipolazwa, kazi ya kununua matunda ilimwangukia mume wangu, naye huchagua matufaa kwa rangi. Akaja na mekundu yaliyokaribia weusi, yamefutwa kwa kitambaa hadi unaiona pua yako, yenye vile vinundu vitano vya kitakoni. Red Delicious hayo, ingawa mitaani ni epo nyekundu tu. Mjomba akapokea moja, akashukuru, akapiga bismillahi, akang'ata. Tukangoja sauti. Haikuja. Meno yalizama kimyakimya, akatafuna huku akitazama dirishani, akasindikiza kwa maji, kisha akalirudisha tunda mezani taratibu.

"Baba," akamwambia mume wangu, "hili nalo lingelazwa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka hadi nesi akaja kuuliza kulikoni.

Tufaa la namna hiyo halijaoza, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Tufaa zima ukiling'ata, jino linapasua seli zake na maji yanaruka kinywani. Ule mpasuko ndio kacha unayoisikia. Likikaa mno, ile gundi inayoshikanisha seli huyeyuka. Jino likifika, seli hazipasuki. Zinaachana tu na kupisha njia, kila moja na maji yake tumboni. Ndiyo maana tufaa la unga laweza kuwa na maji tele na bado likakukausha koo.

Na lina kila sababu ya kuchoka. Mengi tunayouziwa hutoka Afrika Kusini, sehemu za Ceres na Grabouw kule Rasi Magharibi. Huchumwa kuanzia Februari hivi hadi Mei, kisha hufungiwa kwenye vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni ili yalale. Yanaweza kulala humo miezi mingi, mengine karibu mwaka, na yakitoka bado yako imara. Tabu inaanza yakishafika kwetu, pale yanapopangwa kipiramidi juu ya toroli saa saba mchana mwezi wa Desemba. Joto lile hata binadamu linamzeesha.

Lakini tufaa la unga lina wenyewe. Yale ya mjomba yalichukuliwa yote na shangazi yangu, mwenye meno ya bandia ya juu na msimamo mkali kuhusu matunda. Analikata nusu, anaegemea mto, anachukua kijiko cha chai na kulikwangua polepole kuanzia katikati hadi libaki ganda jembamba lililosimama lenyewe. Kwake tufaa gumu ni tunda ambalo mwenye shamba hakuwa na subira. "Mnakula mabichi halafu mnasifia," huwa anasema, na hakuna hoja ya seli inayomgusa. Nimekubali kwamba tufaa zuri halipo mpaka kwanza uulize linakwenda kwenye meno ya nani.

Kwa meno yangu, sauti kwanza, utamu baadaye. Utamu naweza kuuongeza kwa asali. Kacha hainunuliwi dukani. Kwa kigezo hicho Red Delicious huanguka mapema, na inasikitisha, kwa sababu ukoo wake ulikuwa mzuri. Mti wa kwanza ulikuwa wa mkulima mmoja wa Iowa, Marekani, Jesse Hiatt, na miaka ya 1890 kampuni ya miche ya Stark ikanunua haki ya kuuzalisha. Tunda lile la awali lilikuwa na michirizi, na waliolila walilipenda. Kisha wakulima wakawa wanachagua matawi yanayozaa matunda mekundu zaidi, halafu mekundu zaidi ya hayo, kwa sababu wanunuzi nao walikuwa waume zangu watupu. Rangi ikapanda, ladha ikashuka, ngozi ikawa nene.

Mwanawe amemzidi mbali. Fuji, lililotoka kwenye kituo cha utafiti cha Fujisaki, Japani, na kupewa jina mwaka 1962, ni mtoto wa Red Delicious na tufaa la zamani la Kimarekani liitwalo Ralls Janet. Sura haina: wekundu wa kufifia, mistari ya kukosakosa, umbo la kuegemea upande. Lakini ni tamu, lina maji, na linavumilia safari. Golden Delicious, la manjano, lina harufu nzuri na nyama laini. Ni la kula siku hiyohiyo ya kununua, usiliahidi kesho. Gala ni mtoto wa Golden, aliyezaliwa New Zealand, mwenye ngozi nyembamba na utamu usio na maneno mengi, na watoto humpenda. Mimi nampenda wiki ya kwanza. Pink Lady naye ni mtoto wa Golden, wa Australia, na huyo ndiye ninayemtafuta: mgumu, mkali kidogo mwanzoni, halafu utamu unakuja nyuma yake. Bei yake naifumbia macho.

Muuza matunda wa mtaani kwetu ana elimu yake tofauti. Siku moja alinionyesha kile kistika kidogo. "Mama, soma mwenyewe. Hii 4131, mpya. Ile 4016, toleo la zamani." Aliyapanga matufaa yake kwa namba, ya chini mbele kwa wapita njia, ya juu nyuma kwa wateja wa kudumu. Namba zile ni za keshia wa supamaketi tu, za kumjulisha aina na ukubwa. Ajabu ni kwamba nadharia yake inakaribia kukubaliana na kinywa changu: 4016 ni Red Delicious kubwa, 4020 ni Golden kubwa, 4131 ni Fuji kubwa. Tunagombana tukifika 4174, ambalo ni Gala, kwa kuwa kwa hesabu zake hilo ndilo toleo jipya kuliko yote na anataka niliongezee bei.

Ugomvi mwingine ni wa mikono yangu. Mimi kwanza nalipima uzito kiganjani, maana lililo jepesi kuliko umbo lake sina haja nalo. Nalinusa, likinukia toka mbali na ngozi yake ikawa na mafuta yanayoganda vidoleni, limeshapita. Kisha nalipiga kwa ukucha na kulisogeza sikioni. Zima hutoa mlio mkavu, lililochoka linajibu kwa kishindo kizito. "Mama, hilo si simu," ananiambia mbele ya wateja, na kijana wake anauliza kama mtandao umeshika.

La kijani, Granny Smith, halihitaji vipimo vyote hivyo. Ni nadra kukuangusha. Jina ni la bibi kweli, Maria Ann Smith, aliyekuwa akiishi karibu na Sydney, ambako mche ulichipua na kuzaa tunda ambalo wakulima wenzake walilitambua mwaka 1868. Sidhani bibi yule alitarajia lingeishia kwa wafanyakazi wenzangu, wanaolikata vipande, wakalinyunyizia chumvi na pilipili ya unga, na kulila saa nne mahali pa embe bichi. Wiki moja mhasibu wetu alisugua jicho kwa kidole kilekile, na mishahara ikachelewa.

Mwaka jana tulipokuwa tunangoja washenga wa binti wa shangazi, nilipewa jukumu la matunda. Shangazi aliagiza mekundu, laini. Nikampelekea Pink Lady, nikayapanga kwenye bakuli la kioo katikati ya meza, akayabonyeza moja moja na kunitazama kwa huruma. Wageni wakafika, salamu zikapita, mafumbo ya ua na bustani yakapita, watu wakakaa vizuri. Mshenga mkuu akakohoa. Chumba kizima kikanyamaza. Akataja kiasi.

KACHA.

Baba mdogo, msemaji wetu, alikuwa ameliona tufaa muda mrefu na uvumilivu ukamwishia sekunde ileile. Mlio ulitoka mpaka barazani kwa vijana. Mshenga akageuka, akamkuta mzee anatafuna kwa utulivu, macho yakimlenga yeye, bila neno. Wenzake wakatazamana. Baba mdogo, mdomo umejaa na maji ya tunda yanamteremka kidevuni, akainua kidole kimoja kuomba asubiriwe.

"Tumeelewa, mzee wetu," mshenga akasema haraka. "Tunaongeza milioni moja."

Baba mdogo akameza. "Nilikuwa naomba tishu," akasema, lakini kwa sauti ndogo, na shangazi alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele. Alipomaliza, alilivuta bakuli hadi mbele ya nduguye.

"Kula jingine, mdogo wangu. Bado hatujafika kwenye gharama za ukumbi."