Kokoto za Nyama kwenye Mita 4,200

Nyama ya kusaga iliyokaushwa nyumbani, inapochemshwa katika kambi ya Shipton, ambayo ni kituo cha mwisho cha kulala kwa wanaopanda Mlima Kenya kupitia Sirimon, hutoa mlio wa kokoto ndani ya sufuria. Nao wapagazi walioketi kando wakila ugali na sukuma wiki huusikia vizuri, na adabu yao ya kutouliza chochote humchoma mwenye sufuria kuliko ambavyo kicheko kingemchoma.

Kukausha chakula cha safari, yaani kukipika mpaka kiive, kukitandaza kwenye trei na kukipitishia hewa ya moto kiasi hadi maji yapungue mno, ni jambo la busara kabisa. Maji ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa chakula mgongoni, na ndiyo yanayovipa uhai vijidudu vya kuozesha. Isitoshe, kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 86 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe mabichi yanaweza kumaliza mtungi wa gesi yasilainike, ilhali yaliyoiva kabla ya kukaushwa hudai kurudishiwa maji tu.

Nyama, hata hivyo, ina kinyongo. Inapoiva, protini zake hukaza na kukamua maji nje. Inapokaushwa, hukaza zaidi na kuziba njia ambazo maji yangepitia kurudi, hata kokoto hizo zikaweza kulowekwa kwa muda mrefu na kubaki kokoto. Dawa yake, ambayo kwa kawaida hujulikana baada ya safari, ni kuchanganya chenga za mkate na nyama ikiwa mbichi, ili maji yapate pa kupenya. Lazima pia ipikwe mpaka nyuzi 71 kabla ya kuingia kwenye mashine ya kukaushia, kwa kuwa maji yanayogeuka mvuke huipoza nyama hata hewa inayoizunguka ikiwa moto, na vijidudu vinavyokauka kabla ya kufa huzidi kulistahimili joto. Ujanja huo wa viumbe visivyoonekana unastahili heshima, ijapokuwa si kwenye sahani. Hatimaye mafuta, ambayo hayakauki bali huchacha, yaondolewe kwa kuisuuza kwa maji ya moto nyama iliyokwisha kuiva, tendo ambalo mama mkwe akilishuhudia jikoni ataomba kuzungumza na mwanawe faragha.

Si nyama pekee iliyogoma: mayai yaliyokorogwa yaligeuka changarawe. Parachichi, ambalo lina mafuta mengi, lilikesha kwenye mashine usiku kucha likatoka jeusi na bichi vilevile.

Linalokera kwa dhati ni kwamba elimu hii huuzwa sasa kama uvumbuzi wa watu wenye buti za bei ghali. Wasukuma huchemsha viazi vitamu, huvikata vipande na kuvianika juani vikawa matobolwa, au huvianika vibichi vikawa michembe, na kwa kufanya hivyo walikwisha kutenganisha chakula cha kurudishiwa maji na chakula cha kupikwa upya, tofauti ileile inayompa taabu mkaushaji wa mjini mwenye mashine yenye tarakimu zinazowakawaka. Vikiwa kwenye ungo wa bibi, viazi hivyo huitwa chakula cha njaa. Vikitiwa kwenye pakiti inayong'aa iliyoletwa kwa ndege, huitwa mlo wa safari, na mtu yuleyule aliyeona haya kuvila mbele ya wageni huvilipia bila kuomba apunguziwe.

Kuhusu ugali, mashine haihitajiki kamwe, kwa kuwa unga ulikuwa mkavu tangu dukani, na wapagazi walilijua hilo.