Begi Jipya Lisilopita Dukani

Shule zinafunguliwa Januari. Mpunga unavunwa kuanzia Mei. Ukiishi Kisawasawa, au popote pale bonde la Kilombero, huhitaji mchumi akuonyeshe pesa inapokwama: mwezi mtoto anaotaka begi ndio mwezi hela yote imeingia shambani, kwenye trekta, mbegu na vibarua. Ada iliondolewa Januari 2016, ila begi limebaki kwa mzazi. Basi mwanao ataingia darasani na begi lile lile aliloliacha kaka yake, na hakuna atakayelitambua. Sogea tufanye kazi.

1. Kagua kilichokufa. Begi haliharibiki lote kwa pamoja. Huanza zipu, zikafuata kona za kitako, kisha pale mikanda inaposhika mgongo. Ubavu na mgongo wenyewe mara nyingi ni wazima kabisa. Chukua wembe, acha mkasi, ufumue mshono kwa mshono; kata uzi, kitambaa usikiguse. Usirarue hata kama una haraka. Kila unachookoa, hata kile kidude cha plastiki cha kurefushia mkanda, ni kitu ambacho hutakinunua.

2. Geuza kitambaa. Jua na vumbi la barabarani vimekula rangi ya nje. Upande wa ndani haujaonana na jua tangu kiwandani. Ule wa ndani ufanye wa nje, na nusu ya begi jipya umeshalipata bila kutoa senti. Isipokuwa kama ndani kuna ule utando wa plastiki unaobanduka vipande vipande. Hapo usigeuze, funika kwa kitambaa kingine, na hicho tutakizungumzia.

3. Kitako kitengeneze kwa kiroba. Hapa nakuomba utulie, maana mafundi wengi huiba muda hapa na begi huwaumbua kabla ya masika. Mtoto huliburuta begi, hulikalia, huligeuza goli. Kitako cha tabaka moja hakiwezi. Kwa bahati nzuri, bonde letu halina upungufu wa viroba vya salfeti: vya mchele, vya sukari, vya unga. Chukua kimojawapo. Cha mbolea kiache, na cha dawa ya shamba usikiingize hata ndani ya nyumba. Hili ni begi la mtoto, na mtoto hula andazi humo humo kwenye daftari.

Kichague vizuri. Kiroba kilichobebeshwa lumbesa nyuzi zake zimeshavutwa zikaachana, kitakuaibisha. Kiroba kilichoanikiwa mpunga uani msimu mzima nacho kimechomwa na jua. Kikwaruze kwa ukucha: kikitoa unga mweupe, kitupe. Kikilia kwa ukakamavu na kubaki vile vile, hicho ndicho. Kata vipande viwili, vilaze kimoja juu ya kingine, kingo zake zipitishe karibu na mwali wa mshumaa ziyeyuke kidogo zisifumuke. Kisha vifiche katikati, kati ya kitambaa cha nje na bitana. Kitako kitakuwa kigumu kama cha begi la bei mbaya, na maandishi ya mchele wa daraja la kwanza hakuna atakayeyasoma.

4. Pima kwa kaunta buku. Huna futi? Huihitaji. Laza kaunta buku juu ya kitambaa, acha vidole vinne kila upande, chora kwa kipande cha sabuni. Ukiacha vitatu, daftari litaingia kwa shida na zipu itapasuka. Ukiacha sita, mtoto wa darasa la kwanza atatembea na begi linalompiga kwenye magoti.

5. Mikanda. Usihangaike na kitambaa. Nenda gereji Ifakara, omba mkanda wa siti ya gari lililokwisha kufa. Ule umefumwa kumzuia mtu mzima asirushwe na gari. Kaunta buku nne ni mchezo kwake. Shona ncha kwa umbo la mraba, halafu ndani ya mraba pitisha alama ya kuzidisha, kona kwa kona. Ukishona mstari mmoja tu wa harakaharaka, Machi mtoto atarudi amekumbatia begi kifuani.

6. Cherehani. Ile ile ya kukanyaga inatosha. Ila badilisha sindano: namba 14 ya kushonea magauni itavunjika kwenye kiroba. Weka 16, au 18 ukiwa na mkanda. Ukifika pale tabaka zinapokutana, ondoa miguu kwenye pedali, zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu. Kama mashine imegoma, tumia shazia na uzi wa nailoni kwa kitako peke yake. Kitako hakuna anayekitazama, mshono ukienda upogo uache uende.

7. Uso wa begi. Sasa ndipo watu watakapotazama, kwa hiyo hapa usibanie. Mfuko wa mbele ufunike kwa kitambaa kizuri kuliko kingine chochote ulichotumia. Vile vizito vya pamba wanavyofuma akina mama wa Ifakara kwa mkono vinafaa sana ukibahatika kupata kipande kilichobaki. Kitenge pia kinafaa, kwa sharti moja: kisiwe cha sare ya harusi. Kitenge cha harusi kijiji kizima kinakijua. Mtoto hatafika hata darasani kabla mama mmoja hajapaza sauti njiani, "Eeh, si ile sare ya harusi ya Mama fulani!" na kazi yako yote imekwisha hapo. Tumia kitenge ulichonunua safarini, au kile cha marehemu bibi ambacho wanaokikumbuka ni nyinyi wa nyumbani tu.

8. Zipu. Usikimbilie kununua mpya. Mara nyingi meno ni mazima, kilicholegea ni kichwa chake. Kibane nyuma kwa koleo, kulia kidogo, kushoto kidogo, ukijaribu kila mara. Ukibana kwa hasira kitapasuka. Kisha sugua meno kwa mshumaa au sabuni ya mche. Na kama meno mawili ya mwanzoni yameng'oka, shona zipu ifungwe juu yake, ianzie hapo. Nani atajua ilikuwa ndefu zaidi?

9. Mwite mwenye begi. Mwambie ukweli, kwamba ni lile la kaka. Halafu mwache achague mahali pa mfuko mdogo wa ndani, wa penseli na shilingi mia mbili zake. Ukishamaliza kuushona huo mfuko, begi si la kaka tena, na siri ataitunza kuliko wewe. Jina lake lishone ndani, kwenye bitana, si nje. Akikua, mdogo wake atalihitaji, na jina la ndani hufumuliwa bila kuacha alama.

10. Jibu. Litahitajika tu, uwe nalo tayari. Jirani atalishika, atalipindua, atavuta mikanda. "Shoga, begi zuri! Umelinunua wapi?" Mjibu, "Ifakara." Uzi umeununua Ifakara, mkanda umetoka Ifakara, hujamdanganya. Na akirudi jioni na begi la mwanae limeviringishwa kwenye kanga ili watu wasilione, lipokee, mpe kigoda, umuulize kiroba amekuja nacho au atakwenda kukileta.