Upepo wa Risasi Uelekee Wapi? Machaguo Saba ya Mdomo wa AR-15, Tukihesabu Kutoka Mkiani

Kule Marekani, AR-15 nyingi hutoka dukani zikiwa zimechongwa hesi kwenye mdomo wa mtutu. Hapo ndipo ubishi huanza: nifunge nini, au nisifunge kitu? Kama una ndugu Texas anayelenga shabaha mwisho wa wiki, msomee orodha hii. Akikasirika, mwambie nimesema mimi.

Kwanza tuelewane. Baruti ikiungua huwa gesi, na gesi ndiyo inayoisukuma risasi. Risasi ikishatoka, gesi hiyo nayo hufumka nyuma yake ikiwa na moto na kishindo. Vifaa vyote vya mdomoni hugombania jambo moja tu: gesi hiyo ielekezwe wapi. Mimi nimepanga kwa kigezo ninachokiamini kwa moyo wote: raha ya mpigaji inalipiwa na nani?

7. Kifaa cha urembo

Kina meno, kina pembe, kina rangi ya dhahabu. Kinafanya nini? "Kinapendeza!" Haya, kipige picha ukirudishe dukani. Yale meno ya mbele asili yake ni bunduki za marisau za askari, za kubana kwenye mlango na kuuvunja. Wewe mlango wako una ufunguo.

6. Breki ya mdomo kwenye risasi ndogo

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumizana.

Breki ina matundu ubavuni. Gesi ikigonga kuta za matundu hayo huivuta bunduki mbele, na teke la begani hupungua. Inafanya kazi kweli, sibishi. Lakini gesi iliyozuiwa isiende mbele huenda pembeni na kurudi nyuma, pamoja na kelele yake. Mpigaji anapata afueni ya bega, jirani yake anapata kofi la hewa usoni.

Sasa niambie, ndugu yangu: risasi ya 5.56, ile ya kawaida ya AR-15, inakupiga teke gani hasa? Eugene Stoner, mbunifu wa bunduki hii, aliweka mtutu na kitako kwenye mstari mmoja, kwa hiyo bunduki hurudi nyuma moja kwa moja na mdomo hauruki sana. Risasi yenyewe ni ndogo. Kufunga breki kubwa hapo ni kumlipisha mwenzako deni ambalo hukuwa nalo. Kwenye risasi ya .308, ambayo ina baruti nyingi zaidi, nakusikiliza. Kwenye mashindano ya 3-Gun, ambako ushindi ni wa sehemu za sekunde na kila mtu amevaa vikinga masikio, funga na Mungu akubariki. Ila kwenye uwanja wa ndani, wenye kuta na dari, na mtu yuko hatua moja kando yako? Hapana. Baadhi ya viwanja vimeshazikataza, na nawaunga mkono.

Taasisi za afya kazini za Marekani huchukua desibeli 140 kuwa kikomo cha mlio wa ghafla. Bunduki ya aina hii huvuka 150 hata bila breki. Vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa havioti tena. Huku kwetu wanaolijua hili vizuri ni wasoma nyayo wa safari za uwindaji, wanaotembea mbele au kando ya mgeni. Wawindaji bingwa wengi barani Afrika humwomba mgeni afungue breki kabla ya kuingia porini. Bunduki zao ni za kukoki kwa mkono, lakini sikio ni lile lile, na msoma nyayo hakuja kazini kuuza masikio yake.

5. Kompenseta

Huyu ni binamu wa breki. Hupeleka gesi juu ili mdomo ushuke. Mfano maarufu ni AKM, toleo la Kalashnikov la mwaka 1959, yenye kipande kilichokatwa mshazari mdomoni. Gesi huegemea mdomo wa chini na kuusukuma mtutu chini na kushoto, kwa sababu mikononi mwa mtu wa mkono wa kulia bunduki ikimimina risasi mfululizo hupanda juu na kulia. Wazo la akili sana! Lakini wewe unapiga moja moja, kila risasi na mfyatuo wake. Na kama ni wa mkono wa kushoto, kifaa hicho kinakusukumia upande usiouhitaji.

4. Kisukuma-mbele

Ni kikombe kinachokusanya gesi na kuitupa mbele pamoja na kelele. Teke halipungui, mwako haupungui sana, lakini aliye kando anapumua. Hakina mashabiki wengi. Mimi ni shabiki.

3. Mdomo mtupu

Ndiyo, usifunge kitu! Weka kifuniko cha kulinda hesi, nenda zako. Bunduki inakuwa fupi, nyepesi, na shabaha haidhuriki, mradi ukingo wa mdomo haujagongwa. Ukingo ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma; ukiwa na kovu upande mmoja, gesi huisukuma risasi kando.

Kuna mahali sheria yenyewe imeshakuchagulia. Marufuku ya shirikisho ya 1994 hadi 2004 ilihesabu kizima-mwako (namba 2 hapa chini) miongoni mwa sifa za "bunduki ya kivita", ikaiacha breki. California nayo inakitazama kizima-mwako. New York, kwa sheria ya 2013, imejumuisha kizima-mwako, breki, kompenseta na hata hesi inayovipokea. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kushika spana. Hilo silitanii.

2. Kizima-mwako cha kawaida, A2

Bei ndogo, mara nyingi kimeshafungwa kiwandani, na watu hukidharau kwa sababu hiyo hiyo. Msikidharau! Vietnam, M16 za mwanzo, yaani AR-15 za jeshi, zilikuwa na kifaa cha ncha tatu zilizo wazi, zikinasa majani na nyasi. Kikaja chenye ncha zilizofungwa. Miaka ya 1980, M16A2 ikaletewa hiki, kisicho na matundu upande wa chini, ili mpigaji aliyelala kifudifudi asijifukizie vumbi.

Mwako hutokea gesi ya moto inapokutana na oksijeni na kuwaka upya nje ya mtutu. A2 huivuruga gesi isiwake vizuri. Kwa anayewinda nguruwe pori usiku Texas, maana yake ni kwamba macho yake hayapofuki kwa risasi ya kwanza. Na jirani hapigwi kofi.

1. Kiwambo cha kuzuia sauti

"Hicho si cha majambazi wa sinema?" Hapana, jamani. Hiram Percy Maxim, mtoto wa yule Maxim wa bombom, alikipatia hataza mwaka 1909. Norwei wawindaji wanakinunua kama kifaa cha kawaida. Marekani kinaruhusiwa katika majimbo 42, kwa usajili wa shirikisho wenye alama za vidole. Kodi ya dola 200, iliyowekwa 1934, imeshuka hadi sifuri tangu Januari 2026, usajili umebaki.

Hiki peke yake huipa gesi nafasi ya kutanuka na kupoa kabla ya kutoka. Teke hupungua, mwako hupungua, na kelele hushuka desibeli 20 hadi 35 kwa wote, mpigaji na jirani. Gharama inamrudia mwenye bunduki: uzito, mamia ya dola, na kwenye nusu-otomatiki gesi nyingi hurudi ndani, bunduki huchafuka haraka na moshi humfikia usoni. Fundi hurekebisha kwa kupunguza gesi inayoendesha mitambo. Mwambie pia ahakikishe kiwambo kimenyooka na mtutu kabla ya risasi ya kwanza, maana kikipinda, risasi itakipasua.

Na vizibo vya masikio visitoke. Risasi ya 5.56 hupita mita 900 kwa sekunde, sauti ni kama 340, na ule mpasuko wa hewa unaoletwa na kasi hiyo hakuna kiwambo kinachougusa.