Namna ya Kusubiri Kibali Bila Kukonda

Ndugu Mkenya, Mganda au Mrundi uliyepata kazi Dar es Salaam, hongera. Kazi umepata; sasa itafute ruhusa ya kuifanya.

Kwanza, jua wewe ni nani. Usijibu haraka. Kama ni mhasibu, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inakuweka Daraja C kwa Kamishna wa Kazi. Ukivuka kwenda Uhamiaji kutafuta kibali cha ukaazi, mhasibu yuleyule unageuka Daraja B. Daktari ni B kotekote, bahati yake. Mmisionari ni D kwa hawa na C kwa wale. Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu, tazama juu ya mlango usome uko ofisi gani.

Pili, nyaraka. Beba zote, na zile ambazo hakuna aliyezitaja. Nakala ya cheti iliyogongwa muhuri wa wakili ilipokelewa Jumatatu. Alhamisi, dirisha lilelile linataka cheti halisi. Hapo usilete ubishi wala usimtaje afisa wa Jumatatu, maana yuko likizo. Na jibu ukishalipata, ondoka nalo. Ukiuliza mara ya pili utapewa jingine.

Maombi siku hizi ni ya mtandaoni, tena mtandao una sifa moja kubwa: hauna uso wa kubembelezwa. Ukisoma kwamba ombi lako linashughulikiwa, lichapishe ulipeleke kwa miguu. Utaambiwa faili liko juu. Usipande ngazi. "Juu" si ghorofa.

Nje ya geti utakutana na kishoka, yule wakala feki wa vibali. Mkimbie, ni mhalifu, na muhuri wake unaweza kukufikisha mahakamani. Lakini kabla hujakimbia, mtazame vizuri: katika safari hii yote ndiye mtu pekee aliyekutajia bei na siku kwa mkupuo mmoja. Wanaoshangaa anapata wapi wateja hawajawahi kupanga foleni.

Utasikia pia kwamba sisi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kweli. Soko la Pamoja lilianza tarehe 1 Julai 2010, na kanuni zake zinataka kibali cha mfanyakazi wa nchi mwanachama kitolewe ndani ya siku 30 tangu aombe. Kichapishe kifungu hicho kwenye karatasi ngumu. Joto la Dar ni kali, na karatasi ngumu inapepea vizuri.

Kuchelewa peke yake mtu angezoea. Mwajiri akijua kibali ni miezi minne, atahesabu minne. Kinachoua ni wawili waliosoma chuo kimoja, wenye cheo kimoja na karatasi zilezile, mmoja akapata, mwenzake akaombwa barua nyingine, na hakuna anayesema kwa nini.

Wakubwa, hili halihitaji mfumo mpya wala semina Dodoma. Bandikeni ukutani orodha moja ya nyaraka, ofisi zote mbili, na afisa anayerudisha ombi aandike sababu na kutia saini. Hadi hapo, ndugu yangu, usirudishe funguo za nyumba yako ya Nairobi.